Kidato kimoja chatosha kumzuia msafiri

Msomaji mpenzi, ukiulizwa umepanda vidato vingapi tangu ulipotoka nyumbani leo asubuhi hadi ulipolinunua gazeti hili, utajibu nini? Yamkini utacheka. Ni nani ahesabuye vidato? Miguu hupanda yenyewe huku akili ikiwaza bei ya unga.

Lakini wapo watu humu nchini wanaoweza kukujibu bila ya kusita. Mjomba wangu ni mmoja wao. Yeye anajua kwamba benki anakochukulia malipo yake ya uzeeni ina vidato sita, kwamba kanisa lake lina vitatu, na kwamba duka la dawa lililo karibu na kwake lina kimoja tu, ila hicho kimoja kina kimo cha shubiri nzima. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya ajali ya barabarani iliyomvunja uti wa mgongo. Tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Hesabu hakuiacha.

Miezi michache iliyopita nilifuatana naye kutoka Nairobi hadi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwenye harusi ya mpwa wangu. Ni safari ya kilomita zipatazo 480 ambayo wewe pengine umeifanya mara nyingi, ukalala Emali na kuamka Mariakani. Hebu ifanye tena leo pamoja nasi, lakini mara hii ukiwa umeketi tangu mlangoni pako hadi mlangoni pa mwenyeji wako.

Tuanze steji ya mtaani. Gari la abiria 14 halina mahali pa kiti cha magurudumu. Mlango wake u juu, nafasi kati ya viti ni ya kupita ubavu ubavu, na makanga anayehesabu mizunguko hana subira ya kumngoja mtu akunje kiti. Magari matatu yalitupita. La nne lilipunguza mwendo, makanga akatutazama, akapiga ubavu wa gari makofi mawili, likaondoka. Tukakodi teksi. Mjomba akatoa kijitabu mfukoni, akaandika: jirani angalilipa shilingi 80, mimi 900. Kijitabu hicho huwa nacho kila aendapo.

Nisiwe dhalimu kwa makanga. Steji hiyo hiyo alikuwapo kijana mmoja asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, akingoja kwa utulivu. Gari lake lilipofika alilijua kabla sijalisoma kibao, kwa kuwa makanga alikuwa amekwisha kulitangaza toka mbali kwa sauti ya kupasua koo. Wengi wetu jijini tunazilalamikia kelele hizi. Kwake ndizo kibao cha njia. Ukimgeukia kiziwi mambo yanapinduka: yeye hupata shida siku ile kibao kimetolewa na njia imebadilishwa kwa mdomo tu, "Leo hatupiti huko, shukeni hapa!" Abiria wote wanashuka wakinung'unika, naye amebaki kitini akishangaa wanakimbilia wapi.

Tulifika katikati ya jiji saa mbili kabla ya basi kuondoka. Mjomba alitaka kunyosha mabega, nami nikamsukuma kwenye njia ya waendao kwa miguu. Njia ilikuwa nzuri kwa hatua kama hamsini hivi. Halafu tukakuta nguzo fupi za chuma zilizopandwa kwa safu ili kuzuia magari na pikipiki zisipande. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilitosha mtu na mkoba wake. Kiti cha kawaida cha magurudumu huwa na upana wa kama sentimita 60 hadi 70. Tulisimama pale kama ng'ombe kwenye lango lililofungwa, na tulipokuwa tumesimama pikipiki mbili zilipenya moja baada ya nyingine, zikainamisha usukani kidogo tu. Nguzo zilizowekwa kwa ajili ya bodaboda zilimzuia mwalimu mstaafu.

Mbele kidogo kifuniko cha mtaro hakikuwapo. Vyuma vya aina hiyo huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mtu mwenye huruma alikuwa amesimamisha tawi la mti ndani ya shimo ili kuwaonya wapita njia. Kwa mwenye macho hilo ni onyo la kutosha. Fikiria sasa yule kijana wa steji akija na fimbo yake.

Ukiwa mjini, msomaji, umewahi kuviona vigae vya manjano vyenye vinundu au mistari iliyoinuka, vimetandazwa sakafuni katika baadhi ya vituo vya gari moshi na njia mpya za miguu? Wengi hudhani ni mapambo, au vimewekwa ili watu wasiteleze. Hayo ni maandishi ya miguu. Yalibuniwa mwaka wa 1965 na Mjapani aitwaye Seiichi Miyake, yakawekwa barabarani kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka wa 1967, karibu na shule ya wasioona. Mistari mirefu humwambia asiyeona aendelee mbele; vinundu humwambia asimame, kuna hatari. Ni lugha fupi yenye maneno mawili tu. Kwa hivyo mtu akitandika viatu vya mitumba juu ya mstari huo, amelifuta neno. Nami nimepata kuuona mstari mmoja, katika mji ambao sitautaja, ukinyoka vizuri kabisa hadi kwenye nguzo ya taa. Fundi aliyeutandaza alikuwa hajaambiwa ni wa nini.

Basi tulilokata tiketi lilikuwa na vidato vinne, na cha kwanza kilinifika gotini. Hakukuwa na njia nyingine. Vijana wawili wa kupakia mizigo walimbeba mjomba, mmoja akashika kwapa, mwingine magoti, huku abiria wakitazama dirishani na mama mmoja akisema, "Jamani, polepole." Kofia ikaanguka. Shati likapanda hadi kifuani. Kiti nacho kikawekwa tumboni mwa basi pamoja na magunia, tukatozwa shilingi 500.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia alipokwisha kuketi na kulishusha shati lake, "nimefundisha watoto wa nchi hii miaka ishirini na minne. Leo nimepakiwa. Hivi kwa nini wameandikia risiti kiti peke yake?"

Abiria walio karibu wakacheka, naye akacheka. Lakini alipotoa kijitabu niliona kalamu ikikawia.

Tulipofika mbele ya Athi River nilimpa chupa ya maji. Akakataa. Nikampa tena Sultan Hamud, jua likiwa limeanza kuchoma kwenye kioo, akakataa. Ndipo aliponieleza kwamba hakuwa ametia maji kinywani tangu saa kumi na mbili za jioni iliyotangulia. Hakuwa amefunga. Alikuwa anajua njia.

Ukitaka kulielewa hilo, teremka nasi Mtito Andei, karibu nusu ya safari, mahali ambapo mabasi husimama ili watu wale na kujisaidia. Dereva alitupa dakika ishirini. Vijana wakamshusha mjomba, wakafungua kiti. Hoteli tuliyosimama ilikuwa safi, chapati zake moto, wahudumu wake wakarimu. Vyoo vilikuwa nyuma. Kufika huko unapita kokoto, na gurudumu dogo la mbele la kiti huzama kwenye kokoto kama kijiti kwenye uji. Tulipovuka kokoto tukakuta vidato viwili. Watu watatu wakatusaidia kuvipanda. Mlango wa choo tuliupima kwa kuegemeza kiti: kiti kilikuwa kipana kuliko mlango kwa upana wa vidole vitatu. Na hata kama mlango ungalitupisha, ndani mlikuwa na shimo la kuchutama, na mlango wenyewe ulifungukia ndani, hivyo mtu akiingia na kiti hana namna ya kuufunga.

Vidole vitatu, msomaji. Kama sentimita tano hivi. Huo ndio uliokuwa umbali kati ya mtu mzima na haja yake.

Daktari amemwagiza mjomba anywe maji mengi kila siku. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hushikwa kwa urahisi na maradhi ya njia ya mkojo, na yasipotibiwa hupanda hadi kwenye figo. Kwa hivyo kila safari humlazimu achague kati ya agizo la daktari na mlango wa choo. Mlango ndio hushinda. Na si yeye pekee. Waulize wanawake wanaotumia magongo, au wajawazito, au nyanya yako mwenye magoti mabovu asiyeweza kuchutama: wengi watakuambia jinsi wanavyojinyima maji kabla ya safari, na jinsi wanavyoona haya kulisema hilo mbele ya watu. Ndiyo sababu halisikiki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuliporudi kwenye meza nilimwomba mhudumu aniitie mwenye hoteli. Alikuja, mtu mpole, akasikiliza, akakuna kichwa. "Lakini walemavu hawaji hapa," akasema. "Tangu nifungue, labda wawili, watatu." Mjomba akamwuliza kwa adabu: "Bwana, kama ungalifunga mlango wa mbele kwa kufuli, wangapi wangalikuja?"

Jibu la mwenye hoteli utalisikia kila mahali, na kwa maoni yangu ndilo kidato kirefu kuliko vyote. Hatuwaoni, kwa hivyo tunadhani hawapo. Na kwa kuwa tunadhani hawapo, hatuwajengei. Na kwa kuwa hatujawajengea, hawatoki. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu, yaani kama watu 900,000. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka wa 2022 kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi na ulemavu mkubwa. Tofauti kubwa kama hiyo hutokana kwa sehemu na jinsi swali linavyoulizwa. Mzee asiyeona vizuri usiku hajiiti mlemavu. Mama aliyevunjika nyonga akapona nusu hajiiti mlemavu. Lakini wote wawili wakifika kwenye vidato bila kishikizo husimama na kutafuta mkono wa mtu.

Sheria hazikukosekana. Ile ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe, na wenye magari ya abiria miaka miwili. Mwaka wa 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hawa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inawapa haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu. Mnamo Mei 2025 ikatiwa saini sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Mjomba anavijua vifungu hivi kama alivyovijua vya aljebra. "Karatasi zote zimepita mtihani," husema. "Simiti ndiyo inayorudia darasa."

Mombasa tulifika jioni, joto likiwa limeshika shingo. Hapo mambo yalibadilika kidogo, na kwa sababu ambayo hakuna aliyeipanga. Tuktuk! Sakafu yake iko chini, kiti chake kiko karibu usawa mmoja na kiti cha magurudumu, na pembeni kuna nafasi. Mjomba alikiegesha kiti chake, akafunga breki, akajisukuma kwa mikono, akawa ndani. Hakubebwa na mtu. Kiti kikakunjwa kikafungwa nyuma kwa kamba. Nauli ikawa sawa na ya mtu mwingine yeyote, na mjomba akaiandika kwenye kijitabu kwa herufi kubwa.

Usiku huo homa ikaanza. Asubuhi tukatafuta zahanati, nako vipimo vikaonyesha kile alichokuwa akikiogopa tangu Nairobi. Dawa, sindano na kipimo: shilingi 1,800. Akalala kutwa nzima akinywa maji, sasa akiwa karibu na choo alichoweza kukifikia. Siku ya tatu akaamka na nguvu, akasema hawezi kufika Mombasa akarudi bila kuuona Mji wa Kale.

Ukipita Ndia Kuu na vichochoro vyake utajua kwamba waliovijenga hawakuyafikiria magurudumu, wala magari wala viti. Nyumba nyingi zina vizingiti virefu. Nilitazamia tabu. Lakini nyumba hizo zina kitu ambacho majengo yetu ya vigae na vioo hayana, nacho ni baraza. Hicho kibao cha mawe kilichojengwa nje, ubavuni mwa mlango, ndicho sebule ya kwanza ya nyumba. Mwenyeji hutoka akaketi hapo, na mgeni hukutwa barabarani alipo. Mzee mmoja alimwona mjomba, akamkaribisha, akasogea, na wakawa macho kwa macho, kwani baraza na kiti vilikuwa na kimo kimoja. Kahawa ikaja, ikafuata haluwa, ukafuata mjadala mrefu kuhusu kandanda ya zamani. Kwa saa nzima hakuna aliyemwinamia mjomba wala kusema naye kwa kupitia kwangu, jambo linalomkera kuliko ngazi. Mhudumu wa mkahawa humwuliza nani? Huniuliza mimi: "Mzee atakula nini?" Kana kwamba ajali iliuvunja ulimi pia.

Kisha tukafika Fort Jesus. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mjomba hakutaka kubebwa tena siku hiyo, hivyo tulikaa nje kivulini tukiwatazama watoto wa shule wakiingia wawili wawili. Akaitazama kuta zile kwa muda.

"Hii ina udhuru," akasema. "Ilijengwa ili watu wasiingie. Sasa niambie, ile benki yangu inaogopa Mreno gani?"

Swali hilo lilirudi mchana, tulipotaka kutoa pesa. Mtambo wa kutolea pesa ulikuwa ndani ya kibanda cha kioo chenye kidato kimoja mlangoni, na vitufe vyake vilikuwa juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Mjomba alimwita askari wa mlangoni, akampa kadi, akamwambia namba ya siri. Nilishtuka. Akanieleza kwamba namba yake ya siri inajulikana na watu watano, wawili kati yao hawajui hata majina yao. Wanaotuhimiza tusimwambie mtu yeyote namba hiyo wanasema kweli, ila wanasema na watu waliosimama.

Hapo jirani palikuwa na jengo refu la ofisi lenye njia nzuri ya mteremko kando ya ngazi, na hata picha ya kiti cha magurudumu imechorwa ukutani kwa rangi ya buluu. Tukafurahi. Tukapanda. Juu tukakuta mlango una kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kunywa chai. Isitoshe, njia yenyewe ilikuwa kali mno. Mtu peke yake asingeweza kuipanda bila kupinduka chali. Kipimo kinachotumiwa na mafundi katika nchi nyingi ni rahisi kukariri: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Kidato cha sentimita 15 chataka mteremko wa sentimita 180. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, chukueni rula mkapime ule wa shuleni kwenu, kama upo. Mlango nao wafaa uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 au zaidi, na choo kiwe na sakafu ya kugeuzia kiti, kama mita moja na nusu kila upande.

Tulikwenda Likoni alasiri. Kivuko hicho kimekuwapo tangu 1937, na waendao kwa miguu hawalipi. Maji yalikuwa yamekupwa. Kama umewahi kuvuka wakati wa kupwa utakumbuka jinsi mteremko unavyorefuka na kuinama kuelekea majini, na jinsi sakafu inavyoteleza pale bahari ilipojitoa. Maji yakijaa, ni safari nyingine kabisa. Ratiba ya bamvua ni jambo ambalo mtu wa magurudumu anapaswa kulijua kabla ya kukubali mwaliko wowote wa pwani ya kusini.

Umati ukafunguliwa, nasi tukawa ndani yake, kiti kikitaka kukimbia na mikono yangu ikivutwa. Ndipo mwenye mkokoteni wa madafu alipopaza sauti nyuma yetu: "Mgeuze! Mgeuze, ateremke kinyumenyume!" Akauegesha mkokoteni wake, akaja, akakizungusha kiti, akanionyesha jinsi ya kushuka nikiwa mbele ya kiti na kifua changu kikiwa ndiyo breki. Penye ule ukingo wa chuma, pale kivuko kinapogusana na simiti, akakivusha gurudumu moja, kisha la pili, kwa pembe. Kazi hiyo huifanya kutwa akiwa na madafu. Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu kuhusu vizuizi na miteremko, lakini nasema bila kutania: kabla ya kujengwa stendi yoyote, aitwe mwenye mkokoteni akatembezwe na kuulizwa. Mahali mkokoteni hupita bila kuinuliwa, mjomba hupita. Mama mwenye mtoto kwenye kigari hupita. Mgonjwa kwenye machela hupita.

Ndani ya kivuko mjomba alijumlisha kijitabu. Alipoondoa nauli ambayo mtu yeyote angalilipa, gharama ya kuwa na kiti ilifika shilingi 4,270, pamoja na dawa, na safari ya kurudi ilikuwa bado. Ndiyo maana mialiko mingi huijibu kwa kusema kwamba ana kazi nyingi. Dadangu alimwalika mara nne kabla ya mwaka huu, na mara zote nne alijibiwa hivyo.

Nyumba ya harusi ilikuwa na vidato vitatu. Dadangu alikuwa amelifahamu jambo hilo kabla yetu, na vijana wa mtaa walikuwa wameviziba kwa mchanga na mawe, wakalaza juu yake ubao mpana na mrefu, wakaukaza kwa misumari. Mjomba akaupanda mwenyewe, polepole, mbele ya watu, hadi sebuleni. Vigelegele vilipigwa, ingawa bibi harusi alikuwa hajatoka chumbani.

Jioni hiyo nilikaa kwenye mkeka nikiutazama ubao ule. Wanawake wawili waliubeba mkungu wa ndizi juu yake. Sufuria la pilau lilipita hapo, likiwa zito, watu wanne. Bibi mmoja mkongwe aliyekuwa amekawia nje akisema amechoka aliupanda bila kusaidiwa, akaomba mahali pa kuketi mbele kabisa. Masanduku ya soda yalisukumwa juu yake badala ya kubebwa. Vile vidato vitatu chini yake sikumwona mtu aliyevitafuta.

Nilimwuliza kijana mmoja ubao mkubwa namna ile waliutoa wapi. Akaniambia ni mlango wa banda la zamani la kuku, ulikuwa umelala nyuma ya nyumba mwaka wa tatu sasa.